Mgonjwa Aulizwe: Historia ya Dodoso la Ubora wa Maisha, Kutoka Karatasi Hadi Simu

Kwa miaka mingi hospitali ilijua kuhesabu walioingia, walioruhusiwa na waliofariki. Mtu aliyeruhusiwa akiwa hapati usingizi kwa maumivu, hawezi kupanda ngazi, amepoteza hamu ya chakula na ya watu, aliandikwa kwenye daftari mstari uleule na aliyerudi shambani wiki iliyofuata. Leo, katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani, na katika baadhi ya vituo vya Afrika Mashariki, mgonjwa hupewa kishikwambi au hupokea maswali kwenye simu yake: umelalaje, maumivu yamefika wapi, unaweza kuoga mwenyewe, una hofu kiasi gani. Majibu hugeuzwa kuwa namba, na namba hutokea kwenye kioo cha daktari. Mabadiliko hayo yamechukua zaidi ya karne moja, na wengi huyasimulia kama habari ya mashine. Mimi nayaona kwa namna nyingine. Katika kila hatua ya historia hii swali lililogombaniwa lilikuwa ni nani asadikiwe anapoeleza hali ya mgonjwa, na nani awajibike akishasikia. Mashine ilimwezesha mgonjwa kusema mapema na kusema kweli. Nafuu ilikuja hasa pale alipokuwapo mtu upande wa pili.

Kabla ya 1945: waliopona na waliokufa

Florence Nightingale alirudi Uingereza mwaka 1856 kutoka vita vya Crimea akiwa na hakika kwamba hospitali haziwezi kutengenezwa bila takwimu. Mwaka 1860, katika kongamano la kimataifa la takwimu lililofanyika London, alipendekeza fomu za namna moja kwa hospitali zote, ili waliopona, walioondoka bila kupona na waliofariki walinganishwe kwa haki. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kwa wakati wake, kwa kuwa kabla yake kila hospitali ilijisifia ilivyotaka. Hata hivyo, mgonjwa mwenyewe hakuwa na nafasi katika fomu hizo. Aliyeamua kwamba fulani amepona alikuwa daktari aliyemtibu.

Nusu karne baadaye, mjini Boston, daktari wa upasuaji Ernest Codman aliuliza swali lililowaudhi wenzake: mgonjwa akishatoka, nini humpata? Alimfungulia kila mgonjwa kadi na kumfuatilia kwa mwaka mmoja au zaidi, aone kama upasuaji ulimsaidia kweli. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, na kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa humo hadi mwaka 1916 aliorodhesha hadharani makosa 123. Madaktari wakubwa wa mji walimtenga, na hospitali ikafungwa. Codman alikuwa wa mapema mno, lakini aliacha wazo ambalo halikufa, kwamba tiba ipimwe kwa maisha yanayoifuata.

1946 hadi 1975: daktari anakisia

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, ilitamka kwamba afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na kwamba kutokuwa na ugonjwa hakutoshi. Kilichokosekana kilikuwa kipimo. Miaka hiyohiyo, David Karnofsky na Joseph Burchenal wa New York walikuwa wakijaribu dawa za kwanza za kemikali dhidi ya saratani. Uvimbe ulipungua kwa baadhi ya wagonjwa, lakini dawa zenyewe zilikuwa kali. Ili wajue kama mgonjwa amenufaika, walitunga ngazi ya kuanzia 100 hadi 0. Mwenye 100 hana lalamiko lolote. Mwenye 50 anahitaji msaada mwingi na matibabu ya mara kwa mara. 0 ni kifo. Ngazi hiyo ingali inatumika katika wodi za saratani duniani kote.

Ubora wake ni wepesi, na kasoro yake ni kwamba hujazwa na daktari. Kwa miongo mitatu vipimo vilivyofuata vilirithi kasoro hiyo. Sidney Katz na wenzake wa Cleveland, mwaka 1963, walipanga shughuli za msingi za kila siku, yaani kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kujizuia haja na kula, wapate kujua mzee au mgonjwa anajitegemea kwa kiasi gani. Kazi yao ilikuwa makini na ya manufaa, ila anayetazama na kuandika alibaki kuwa mhudumu. Lililokuwa ndani ya mgonjwa, hofu yake, uchovu usioonekana kwa macho, aibu ya kuogeshwa na mwanawe, halikuwa na safu yake.

Kilichovunja desturi hiyo ni ugonjwa wenyewe kubadilika. Antibiotiki na chanjo zilipopunguza vifo vya ghafla katika nchi tajiri, wodi zilijaa watu wanaoishi na kisukari, yabisi, moyo na saratani kwa miaka mingi. Mtu wa namna hiyo haponi wala hafi leo. Kumhesabu kwa vifo peke yake ni kutomhesabu kabisa.

1976 hadi 1999: mgonjwa anashika kalamu

Mwaka 1976 Terence Priestman na Michael Baum walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliwapa karatasi zenye mistari ya sentimita 10, upande mmoja hali mbaya kabisa na upande wa pili hali njema kabisa, wakawaomba waweke alama mahali walipo: maumivu, kichefuchefu, usingizi, moyo mkunjufu. Kisha walichukua rula na kupima. Lilikuwa jambo dogo, lakini kwa mara ya kwanza katika tafiti za namna hiyo jibu la mgonjwa lilisimama kama data, bila daktari kulisahihisha.

Wenye shaka walisema mgonjwa hukuza mambo, au huyaficha, na kwamba daktari mzoefu humjua kuliko anavyojijua. Dai hilo liliweza kupimwa, na lilipimwa. Mwaka 1988 Maurice Slevin na wenzake wa London waliwalinganisha madaktari na wagonjwa wa saratani waliojaza vipimo vilevile kuhusu mtu yuleyule. Majibu hayakupatana vya kutosha, na hata daktari na daktari walitofautiana. Tangu hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba kisio la daktari linaweza kuchukua nafasi ya kauli ya mgonjwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya madodoso mengi, na nitayapita haraka. EQ-5D, lenye vipengele vitano na mizani ya 0 hadi 100, lilitangazwa na kundi la EuroQol mwaka 1990. SF-36, lenye maswali 36, lilitoka Marekani mwaka 1992. Dodoso la maswali 30 kwa wagonjwa wa saratani lilitoka kwa watafiti wa Ulaya mwaka 1993. Shirika la Afya Duniani lilikusanya vituo 15 vya mabara mbalimbali, likatunga lake tangu mwanzo kwa kuwauliza watu wa tamaduni tofauti nini hufanya maisha yawe mema. Toleo fupi lenye maswali 26 lilitoka mwaka 1998.

Hatua hiyo ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa na sababu. SF-36 ya asili humuuliza mgonjwa kama afya yake inamzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mkazi wa Mbagala anayechota maji kwa ndoo hawezi kujibu swali hilo kwa maana. Ndiyo maana kazi iliyofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1999 ni ya kukumbukwa. Watafiti wa Tanzania na Uswisi walitayarisha toleo la Kiswahili la SF-36, wakalijaribu kwa watu wazima zaidi ya 3,000 wa jiji hilo, na kuangalia kama maswali bado yanashikana kama yalivyokusudiwa. Hapo Kiswahili kiliingia katika sayansi hii kikiwa na ushahidi wake.

1966 hadi 2004: mashine inayouliza

Wakati madodoso yakikua, mkondo mwingine ulikuwa ukitiririka kando. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Warner Slack aliipa kompyuta iitwayo LINC kazi ya kumhoji mgonjwa kuhusu historia ya ugonjwa wake, na mwaka 1966 akachapisha matokeo. Maswali yalijitokeza kwenye kioo, mgonjwa akabonyeza jibu, na mashine ikaamua swali linalofuata. Wengi walitarajia wagonjwa wachukie. Hawakuchukia. Slack aliendelea kusema maisha yake yote kwamba mgonjwa ndiye rasilimali kubwa ya tiba isiyotumiwa.

Mwaka 1977 watafiti wa Glasgow waligundua jambo jingine. Wagonjwa wenye maradhi yatokanayo na pombe waliitajia kompyuta kiwango kikubwa zaidi cha unywaji kuliko walichowatajia madaktari wa akili. Mashine haina uso wa kukunjwa. Kwa mambo ya aibu, kama ulevi, ngono au kushindwa kuzuia mkojo, jibu huja wazi zaidi pasipo jicho la mtu.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, hata hivyo, ulihusu muda. Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ jaribio la wagonjwa 80 wenye maumivu sugu. Nusu yao walipewa shajara za karatasi, wazijaze mara kadhaa kwa siku kwa saa zilizopangwa. Nusu nyingine walipewa kifaa cha mkononi. Ndani ya jalada la karatasi kulifichwa kihisi-mwanga, kilichorekodi kila lilipofunguliwa. Kwa mujibu wa karatasi, wagonjwa walikuwa wamejaza kwa wakati kwa asilimia 90. Kihisi-mwanga kilisema asilimia 11. Katika karibu theluthi ya siku za jaribio, jalada halikufunguliwa hata mara moja. Kadi zilijazwa baadaye kwa mkupuo, tarehe zikaandikwa zilivyotakiwa. Waliotumia kifaa walifikia asilimia 94, na saa yake haikuweza kurudishwa nyuma.

Sioni sababu ya kuwalaumu wagonjwa hao. Mtu mwenye maumivu husahau, kisha huona haya kuwarudishia watafiti kurasa tupu. Ila kipimo cha maumivu ya Jumanne kilichoandikwa Ijumaa ni kumbukumbu iliyochanganyika na maumivu ya Ijumaa. Jaribio hilo lilitikisa watafiti wa dawa, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotoa mwongozo wake wa mwisho kuhusu taarifa za wagonjwa, Desemba 2009, suala la kuthibitisha muda wa kujaza lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyotiliwa mkazo.

Kwa hiyo kufikia mwanzo wa karne hii mambo mawili yalikuwa yamethibitika, kwamba mgonjwa asadikiwe na kwamba chombo cha kidijiti humsikiliza kwa wakati. Swali la tatu, kama kumsikiliza humsaidia, lilikuwa bado wazi. Mtafiti Galina Velikova alilijaribu Leeds kwa wagonjwa 286 wa saratani, akachapisha mwaka 2004. Kundi moja lilijaza dodoso kwenye kioo cha kugusa na daktari akapewa majibu kabla ya kuonana na mgonjwa. Kundi la pili lilijaza lakini daktari hakupewa. La tatu lilitibiwa kama kawaida. Mazungumzo yaligusa dalili zilizokuwa zikipitwa, na muda wa kuonana haukurefuka. Hali ya makundi mawili ya kwanza ilikuwa bora kuliko ya la tatu. Hapa msomaji makini atanipinga: kumbe hata kuulizwa tu, bila daktari kusoma, kulileta nafuu. Ni kweli, na inafaa kukubali kwamba kujitafakari kwa maandishi humsaidia mtu. Lakini idadi ya waliopata nafuu ya kuonekana ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao majibu yao yalifika kwa daktari.

2007: Kampala, Nairobi na New York

Mwaka 2007 unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu mambo matatu yalianza au kutangazwa mwaka huo yakiwa mbalimbali, yote yakielekea upande mmoja.

La kwanza ni la Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika (tiba shufaa ni huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa), kilichozinduliwa rasmi Arusha mwaka 2004 na chenye makao Kampala. Mwaka 2007 wataalamu wake walichapisha kipimo chao, kilichotokana na kile cha King's College ya London lakini kikafumwa upya kwa wagonjwa wa UKIMWI na saratani wa bara hili. Kina maswali kumi tu: saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza nyumbani. Humuuliza mgonjwa maumivu yake, wasiwasi wake, kama ana wa kumweleza yaliyo moyoni, kama ana amani. Jibu ni kati ya 0 na 5. Asiyejua kusoma huonyesha maumivu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano vilivyokunjuliwa ni maumivu yaliyokithiri. Kuwekwa kwa maswali ya mwuguzaji ni uamuzi wa busara kubwa, kwani katika nyumba zetu mgonjwa haugui peke yake.

La pili lilianza Kenya. Machi 2007 M-PESA ilizinduliwa, na simu ya mkononi ikazidi kuwa chombo cha kila mtu. Mwezi Mei mwaka huohuo, utafiti ulioitwa WelTel ulianza kusajili wagonjwa wapya wa dawa za VVU katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, jumla 538. Nusu yao walipelekewa ujumbe mfupi kila wiki wenye neno moja: Mambo? Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48: Sawa, au Shida. Aliyejibu Shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Hilo ndilo dodoso fupi kuliko yote katika historia hii, na limefikiriwa vizuri. Mke, mume au mtoto akiikuta simu mezani, haoni jina la ugonjwa wala la hospitali, anaona salamu. Halihitaji simu janja, na kazi ya mhudumu inabaki kwa wachache wenye tatizo au walionyamaza. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 dhidi ya 50, na ambao virusi vyao vilifubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

La tatu lilianza Septemba 2007 katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Ethan Basch na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 766 waliokuwa wakipata tibakemikali. Kundi moja liliripoti dalili 12 kwa njia ya intaneti. Dalili ikiwa kali au ikizidi, muuguzi alipata barua pepe, na mara nyingi alichukua hatua: kubadili kipimo cha dawa, kutoa ushauri, kumwita mgonjwa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kundi hilo liliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, dhidi ya 26 kwa waliotibiwa kama kawaida. Mwaka huohuo Fabrice Denis, kutoka Le Mans, Ufaransa, alichapisha matokeo kama hayo kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu walioulizwa kila wiki: miezi 19 dhidi ya 12.

Baada ya 2017: matumaini na mipaka

Habari ya miezi mitano ya ziada ilisambaa haraka, na ni wajibu kueleza yaliyofuata kwa ukamilifu. Basch alirudia kazi yake katika vituo 52 vya saratani nchini Marekani kwa wagonjwa 1,191. Mwaka 2022 ilionekana kwamba waliokuwa wakiulizwa walikuwa na nguvu zaidi za mwili, dalili chache na maisha bora. Lakini matokeo ya mwisho yalipotoka mwaka 2025, urefu wa uhai haukutofautiana. Nairobi nako, utafiti wa pili wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2018, haukuonyesha kwamba salamu ya kila wiki iliwabakiza wagonjwa wengi zaidi kwenye huduma katika mwaka wa kwanza.

Wapo watakaosema basi jambo lote lilikuwa fasheni. Sikubali. Dodoso la ubora wa maisha liliahidi kuboresha maisha, na hilo lilithibitika katika vituo vingi na vya kawaida. Kudai kwamba lirefushe uhai kila mahali ni kulibebesha mzigo wa dawa. Matokeo ya Nairobi yanafundisha zaidi: mgonjwa anayeacha kliniki kwa sababu amehama au hana nauli hazuiwi na ujumbe, hata ukijibiwa vizuri.

Pingamizi la pili ni la haki: teknolojia huwaacha nyuma wazee, maskini na wasiojua kusoma. Ni hatari ya kweli. Lakini katika utafiti wa New York, wagonjwa ambao hawakuwa na uzoefu wa kompyuta ndio walionufaika zaidi, huenda kwa sababu ndio waliokuwa na njia chache za kumfikia muuguzi kabla. Ujumbe wa neno moja na mkono wa vidole vitano vinaonyesha kwamba maswali yanaweza kushushwa hadi alipo mtu. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, maswali kumi ya Kampala yamekwisha kujaribiwa kwa simu, yakimuunganisha mgonjwa aliyerudi nyumbani na wataalamu wa tiba shufaa.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na halina jibu la kitaalamu. Kumuuliza mtu kila wiki maumivu yake ni mangapi, huku dawa ya kuyatuliza haipo, ni kumwongezea machungu. Uganda ilianza kulitatua jambo hilo kwa kufuata mpangilio sahihi. Hospice Uganda ya Dk. Anne Merriman, iliyoanza mwaka 1993, ilileta mofini ya maji ya bei nafuu, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Kipimo cha Kampala kikaja baada ya dawa, na mtu wa kuitoa alikuwa tayari yupo.

Kwa sasa miongozo inakwenda mbio. Chama cha wataalamu wa saratani cha Ulaya kilipendekeza ufuatiliaji wa dalili kwa njia ya kidijiti mwaka 2022, na mpango wa serikali ya Marekani wa malipo ya tiba ya saratani ulioanza Julai 2023 unavitaka vituo vilivyojiunga kuuingiza hatua kwa hatua. Wauzaji wa programu hawatachelewa kufika kwetu. Ombi langu kwa waganga wakuu na bodi za hospitali za Afrika Mashariki ni hili: kabla hamjatia saini mkataba wa vishikwambi, andikeni jina la muuguzi atakayesoma majibu, saa ya mwisho ya kumpigia mgonjwa aliyesema ana shida, na fungu la fedha la vocha na la mofini. Kimoja kikikosekana, fedha za vishikwambi zikanunue mofini kwanza.